SOMO LETU: UKIFUKUZWA KAZI, SIKU ZINAHESABIWA



Mfanyakazi wa ghala la Kikuubo, Kampala, akiambiwa ghafula "kesho usije", mara nyingi hurudi nyumbani kimya kwa kuwa hana fedha za wakili. Ukimya huo ndio unaompotezea haki. Tujifunze mambo matatu.

1. Ushauri wa bure upo. FIDA, chama cha wanawake wanasheria wa Uganda, kiliundwa mwaka 1974. Mwaka 1988 kilifungua Kampala ofisi ya kuwasaidia wanawake wasio na uwezo. Mwaka 1992 Chama cha Wanasheria wa Uganda nacho kilianzisha mpango wa kuwasaidia maskini, wake kwa waume.

2. Sheria ina muda. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, aliyefanya kazi mwaka mmoja, lakini hajatimiza mitano, anastahili notisi ya mwezi mmoja. Aliyetimiza miaka kumi, miezi mitatu. Aliyefukuzwa isivyo haki hupeleka malalamiko kwa Ofisa wa Kazi kabla ya miezi mitatu kupita.

3. Mkataba wa mdomo pia ni mkataba. Usiseme, "Sina barua." Andika tarehe uliyoanza, mshahara wako na siku uliyofukuzwa. Tafuta wenzako walioshuhudia.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Nani kati yetu anaweka kumbukumbu za mshahara wake?
(b) Mwenzetu akifukuzwa leo, nani atamsindikiza kwa Ofisa wa Kazi?