Kupiga Kafi Msimu wa Baridi: Kijitabu cha Familia za Kileleshwa

Julai ikifika, Kileleshwa hukaa chini ya wingu hata mchana, na wikendi watu hukimbilia Naivasha kutafuta jua. Wengine huenda Sagana kwenye maji ya kasi. Bwawa la Nairobi, ambako zamani watu waliendesha mashua za tanga, limemezwa na magugu maji.

Ukishateremka Mai Mahiu ni rahisi kudhani umeingia kwenye joto. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko katikati ya jiji letu. Jua la saa sita huchoma kweli, lakini maji yana hesabu yake: hunyonya joto la mwili takriban mara 25 zaidi ya hewa yenye baridi ileile. Ndiyo sababu mtu akikaa sana kwenye maji ya nyuzi 20, ambayo ukichovya mkono huoni tatizo, anaweza kupoa hadi akahatarisha maisha.

Nguo

Jinzi na fulana za pamba zibaki nyumbani. Zikilowa hazikauki upesi. Huhitaji mavazi ya bei kali. Soko la Toi lina sweta za sufu na jaketi za kuzuia upepo za mitumba, na hizo zinatosha. Kila mtu awe na nguo kavu za kubadilisha, taulo na kofia, vyote kwenye ndoo yenye kifuniko. Beba chai ya moto yenye sukari. Pombe hapana: hukufanya uhisi joto huku mwili ukizidi kulipoteza.

Jaketi la kujiokolea hufungwa ukiwa bado nchi kavu. La mtoto lijaribu kwa kulivuta juu mabegani. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, omba jingine. Kama halipo, mtoto haingii majini siku hiyo, hata alie vipi.

Majini

Asubuhi ziwa hutulia, alasiri upepo huinua mawimbi. Alfajiri nayo ni baridi mno, hivyo ingia saa tatu na utoke kabla ya saa saba. Kaa mbali na mafunjo, maana viboko hujificha humo, na umsikilize mwongoza mashua wa pale.

Mtumbwi ukipinduka, pumzi hukatika na mtu huanza kutapatapa. Usiogelee kwanza. Acha jaketi likubebe juu ya maji, dakika moja hivi, mpaka pumzi irudi. Kisha shika mtumbwi na ujipandishe juu yake kadiri uwezavyo. Ukishindwa, kunja magoti kifuani. Mkiwa wengi, kumbatianeni, watoto katikati. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo.

Dalili

Kutetemeka ni onyo la kwanza. Mtu akishindwa kufunga zipu, akajikwaa au ulimi ukawa mzito, mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo mbichi, mfunikeni hadi kichwani na mlazeni. Akiwa macho na anameza vizuri, anywe chai kidogo kidogo. Msimsugue mikono wala miguu, msimwogeshe maji ya moto. Akiacha kutetemeka na bado ni baridi, msidhani amepona: hapo hali imekuwa mbaya zaidi. Pigeni 999, 112 au Msalaba Mwekundu 1199.

Usiku wa kambi

Kuna hatari nyingine, na hii huja mtu akiwa ameshakauka. Familia imechoka, imeshikwa na baridi, jiko la makaa lililochoma nyama linaingizwa ndani ya hema au chumba ili lipashe joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia. Jiko libaki nje, hata likiwa limefunikwa na majivu. Mkiamka na kichwa kinachouma na kichefuchefu, tokeni nje wote mara moja, mbebeni asiyeamka, kisha mwite msaada.