Dondoo Muhimu: Kibali cha Kodi ya Mauzo, Texas

Unauza vitenge au mikufu ya shanga Houston au Dallas? Hata kama duka lako ni meza tu ya gulioni, Texas inataka uwe na kibali cha kodi ya mauzo.

Omba kwenye tovuti ya Comptroller, ofisi ya kodi ya jimbo. Kibali ni bure, ingawa baadhi ya waombaji hutakiwa kuweka dhamana. Tovuti inayokudai ada ya maombi ni ya dalali, achana nayo.

Andaa mapema namba ya Social Security (ya kila mbia, kama ni ubia), anwani ya biashara, na namba ya NAICS yenye tarakimu 6 inayotaja aina ya biashara yako. Uwe umetimiza miaka 18.

Matatizo mengi huanza baada ya kibali kutoka. Jimbo linatoza asilimia 6.25, na miji na kaunti huongeza hadi asilimia 2. Kodi unayokusanya kwa wateja ni fedha ya serikali, wewe umeishika tu, kwa hiyo itenge kwenye akaunti yake tangu siku ya kwanza. Usipouza kitu, bado unapeleka ripoti. Ukichelewa, faini ni dola 50.

Na tumia haki yako: ukimpa msambazaji cheti cha kununua kwa ajili ya kuuza, hakutozi kodi ya mauzo kwenye bidhaa za dukani. Kitenge cha kuvaa mwenyewe, lipia kodi.