Mbwa, Dagaa na Hodi: Mafunzo Niliyopata

Mtu anayefuga mbwa kwa mara ya kwanza huja na swali moja: nimfanyeje aache? Aache kubweka usiku kucha, aache kukimbiza bodaboda, aache kurukia wageni, aache kutafuna viatu. Aliyekwisha kuzika mbwa wawili watatu huuliza mengine kabisa: anafanya hivi kwa nini, anapata nini, na ni lini nilimfundisha afanye kitu kingine badala yake? Nimeishi na mbwa tangu utotoni hapa Morogoro, na majirani wamekuwa wakiniletea wa kwao pale uvumilivu unapowaishia, kwa hiyo badiliko hili nimeliona kwa watu wengi. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Fimbo hufundisha, ila haifundishi tunachodhani

Wazee wetu walifuga mbwa kwa mnyororo mchana na fimbo pale alipokosea. Haikuwa tabia ya huku peke yake. Mjerumani Konrad Most, mfunzaji wa mbwa wa polisi, alitoa kitabu mwaka 1910 kilichojengwa juu ya kumlazimisha mbwa kwa maumivu, na wafunzaji wengi wa polisi na jeshi waliifuata njia hiyo kwa miaka mingi. Mbwa walitii. Asikudanganye mtu kwamba fimbo haina nguvu. Shida ni kwamba mbwa huyaunganisha maumivu na kile kilicho mbele yake wakati huo: mtoto anayepita, mkono unaoinuka, mwenye nyumba mwenyewe. Mbwa anayeitwa "njoo!", akafika, akachapwa kwa kosa la asubuhi, hajui lolote kuhusu asubuhi. Anachokijua sasa ni kwamba akiitwa ni heri asije.

Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichapisha utafiti wa mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo. Wale waliofundishwa kwa kukaripiwa na kuvutwa kamba kwa nguvu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na homoni ya kotisoli katika mate yao ilipanda zaidi baada ya somo. Wafugaji wenye uzoefu hawakuhitaji kupima mate. Walishaona mkia unavyoingia katikati ya miguu kila wanaposhika kamba.

2. Somo bora la kufunza mbwa nililipata kwa panya

Sisi wa Morogoro tuna bahati ambayo wengi hawaitambui. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Magawa, panya aliyezaliwa hapa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 baada ya kugundua vilipuzi vingi nchini Kambodia. Panya huyo hakuchapwa ili ajue kazi. Mfunzaji ana kidude kidogo kinacholia "klik". Panya akipatia, kinalia papo hapo, kisha anapewa ndizi au karanga.

Siri yote iko kwenye "papo hapo". Mrusi Ivan Pavlov alionyesha zaidi ya miaka mia iliyopita kwamba mbwa huanza kudondokwa na mate kwa sauti peke yake, mradi sauti hiyo imekuwa ikitangulia chakula. Mlio humwambia mnyama: hapo, hicho ulichokifanya sasa hivi, ndicho ninachokilipa. Mfugaji mgeni husema "kaa", mbwa anakaa, naye anaingia jikoni kutafuta kipande cha nyama. Akirudi, mbwa amesimama anatikisa mkia, na kinacholipwa ni kusimama. Mzoefu ana dagaa wakavu mfukoni tangu asubuhi. Kidude cha kununua si lazima. Neno moja fupi, likisemwa kwa sauti ileile kila mara, linatosha.

3. Kila tabia ina mshahara, hata usiolipa wewe

Bodaboda ndiyo mfano wangu wa kila siku. Mbwa anaikimbiza pikipiki, pikipiki inatokomea. Kwako wewe, dereva anawahi abiria wake. Kwa mbwa, ni yeye aliyeifukuza, na ameshinda. Pikipiki zikipita mara ishirini kwa siku, analipwa mara ishirini, na kelele zako za "we! we!" anazisikia kama vile mnaifukuza pamoja. Kwa hiyo mzoefu hashindani na pikipiki. Kwanza anafunga geti, ili mshahara ule ukatike. Halafu anatoka na mbwa akiwa na kamba, wanakaa mbali na barabara, mahali ambapo mbwa anaisikia pikipiki na bado ana akili ya kumtazama bwana wake. Kila pikipiki ikilia, dagaa. Baada ya muda, mlio wa pikipiki wenyewe humgeuza shingo kutafuta dagaa. Ndipo wanapiga hatua chache kuelekea barabarani.

4. Habari za "bosi wa kundi" ziachwe

Vijana wengi wanaoanza sasa wameziona video zinazosema mbwa lazima ajue nani bosi: umlaze chali, ule kabla yake, usimruhusu atangulie mlangoni. Wazo hili lilitokana na mbwa mwitu wa nchi za baridi. Rudolf Schenkel aliwachunguza wakiwa kifungoni na kuandika mwaka 1947 jinsi walivyogombania ukuu. Mmarekani David Mech akalieneza katika kitabu chake cha 1970. Lakini Mech huyohuyo alikwenda kuwatazama porini, kaskazini kabisa mwa Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Namheshimu sana kwa kusahihisha jambo lililompa jina. Mbwa anayevuta kamba hagombei nyumba yako. Ameona kwamba akivuta anafika.

5. Mfundishe kwa ajili ya jirani

Hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Mwenye mbwa wa kwanza hupiga kelele getini, "Usiogope, haumi huyo!" Anadhani hofu ya mgeni ni meno tu. Mtaani kwetu Waislamu na Wakristo wanaishi ukuta kwa ukuta, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani na hata huku, udenda wa mbwa ni najisi nzito: huoshwa mara saba, mara moja ikiwa kwa udongo. Mzee aliyetawadha anaelekea msikitini, na mbwa wangu mpole kabisa akimlamba mkono, nimemkosea mzee yule. Upole wa mbwa haupunguzi chochote.

Kwa hiyo mbwa wote wanaopita mikononi mwangu hufundishwa hodi. Natandika gunia barazani. Akilikanyaga, dagaa; akizoea, nangoja alale ndipo nilipe. Hapo mtu wa nyumbani anaanza kusema "hodi" kwa sauti ya chini akiwa ndani ya ua, nami namwonyesha mbwa gunia na kumlipa akifika. Siku zinapita, hodi inasogea hadi mlangoni, kisha getini, kisha inatoka kwenye koo za watu asiowajua. Mgeni anaombwa asubiri kidogo, na anasubiri kwa furaha akijua sababu. Anapoingia, mbwa yuko kwenye gunia lake, na nguo za mgeni ni safi.

Wapo wanaohofia kwamba hivyo nitaharibu ulinzi. Sijaona hivyo. Anayeruka ukuta usiku hapigi hodi, na mbwa anaitambua tofauti hiyo vizuri sana.

Tena katika mafunzo haya nyumba nzima lazima iseme neno moja. Baba akisema "shuka", dada wa kazi "toka" na watoto "acha", mbwa anafanya mitihani mitatu kwa kosa moja.

6. Usiuadhibu mngurumo

Kunguruma ni onyo, na kabla yake kuna maonyo mengine: kulamba pua, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza uso pembeni, kukakamaa. Mbwa anayechapwa kwa kunguruma hujifunza kukaa kimya, halafu siku moja anauma "bila sababu". Akinguruma, mwondoe mtoto aliye karibu, mpe mbwa nafasi, kisha chunguza kilichomkera. Akimuuma mtu, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa hakina mzaha.

7. Ukali si ulinzi

Bado wapo wanaomfungia mtoto wa mbwa kwenye banda la giza ili akue mkali. Scott na Fuller, waliochunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi huko Maine, Marekani, na kutoa kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndipo mbwa huzoea dunia kwa urahisi. Aliyefungiwa asiione dunia wakati huo hukua na woga, na mwoga humuuma mtoto wa jirani kabla ya mwizi. Mimi humbeba mtoto wa mbwa mikononi, kwa kuwa chanjo zake hazijakamilika, na kumpeleka kusikia mashine ya kusaga, kuona watu wenye kanzu, wenye kofia ngumu, wenye magongo. Siku ya chanjo ya kichaa ikifika, hashangai umati.

8. Hofu haitibiwi kwa amri

Wengi huambiwa wasimbembeleze mbwa anayeogopa radi, eti watamzidishia woga. Woga si mchezo anaoucheza kwa ajili ya dagaa. Kumpa dagaa radi inapopiga hakumfundishi kuogopa. Kunaipa radi maana nyingine, ikiwa bado hajazidiwa kiasi cha kukataa kula. Kazi yenyewe lakini hufanyika kiangazi, kabla ya masika. Nina sauti ya radi kwenye simu. Naipiga chini kabisa wakati anakula, na siiongezi mpaka aache kuinua masikio. Wengine hufika mbali kwa njia hii. Wengine hubaki waoga maisha yao yote, na hao nimewatengea kona ya chumba cha ndani, mbali na kelele za bati, mlango ukiwa wazi.