SOMO LA MAUMIVU YA KIUNO: INUKA, TEMBEA
Soma 1 Wafalme 19:4-8

Hapa Likasi migongo inachoka. Baba anabeba mifuko ya mawe ya shaba, mama anabeba makala kichwani na mtoto mgongoni. Kiuno kikianza kuuma, wengi hulala juma, kisha mwezi. Wengine huuza mbuzi wapate sindano.

Katika wagonjwa 10 wa kiuno, karibu 9 hawana mfupa uliovunjika wala ugonjwa mbaya. Si laana, wala si kazi ya jirani. Walio wengi hupata nafuu katika majuma 6, bila kupasuliwa.

Mama mmoja wa kanisa alilala miezi 2, akiogopa mgongo utavunjika. Siku ya kwanza tulitembea naye mpaka mlangoni tu. Ya pili, mpaka kwenye mwembe. Baada ya Pasaka alikuja ibadani kwa miguu yake.

Ufanye nini?
1. Pumzika kidogo, kisha tembea kila siku, ukiongeza hatua polepole. Mgongo usiotumika hupungukiwa nguvu.
2. Shika kazi nyepesi. Mzigo mmoja mzito, ugawe uwe miwili.
3. Weka kitambaa chenye joto mahali panapouma.
4. Ibuprofeni yaweza kusaidia siku chache. Umwulize muuguzi kwanza, hasa ukiwa na mimba, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.
5. Maumivu yakizidi miezi 3, ufundishwe mazoezi. Ndivyo Shirika la Afya Ulimwenguni lilivyoshauri mwaka 2023; lakini mikanda ya kiuno na dawa za jamii ya morfini halikuzishauri.

Njoo hospitali upesi:
– miguu ikilegea, au ukipata ganzi kati ya mapaja;
– mkojo ukizuilika au ukitoka wenyewe;
– ukiwa na homa, ukikonda, au ukitoka jasho usiku. Kifua kikuu chaweza kula mifupa ya mgongo, nacho hutibika kwa vidonge;
– ukianguka shimoni au kufunikwa na udongo.

Eliya alichoka, akalala chini ya mti. Malaika alimwamsha mara mbili, akamlisha, naye akaenda safari ya siku 40. Pumziko ni zawadi ya Mungu, lakini kitanda si makao.

Maswali: Ni nani nyumbani mwako amelala kwa sababu ya kiuno? Leo utamsaidia kutembea mpaka wapi?