Mboga Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Wakazi wa Kipevu hawapati taabu ya kutafuta mboga. Mchicha, mnavu, kunde na sukuma wiki huuzwa vibandani hadi jioni, na anayenunua kwa jumla huvuka kisiwa hadi soko la Kongowea. Lakini kwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo ili kupunguza uzito, sahani ya sukuma wiki aliyoizoea inaweza kumrudisha hospitalini. Mboga atazila tena. La muhimu ni kujua ni lini, na zipikwe vipi.

Kwa nini asubiri?

Upasuaji huu uko wa aina mbili zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, daktari huondoa robo tatu au zaidi ya tumbo na kubakisha sehemu nyembamba yenye umbo la ndizi. Katika ya pili, hubakishwa kifuko kidogo kama yai, kisha kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo. Kwa vyovyote vile, ndani kuna kidonda kilichoshonwa kinachohitaji wiki kadhaa kupona, na njia ya chakula imekuwa nyembamba. Nyuzinyuzi za mboga zisizotafunwa vizuri zinaweza kujikusanya na kuiziba.

Hatua kwa hatua

Ratiba ya daktari aliyefanya upasuaji ndiyo ya kufuatwa. Kwa kawaida huwa hivi:

Wiki ya 1 na 2: Vinywaji na supu nyepesi pekee. Mboga huchemshwa, zikachujwa, na mgonjwa akanywa maji yake tu.

Wiki ya 3 na 4: Vyakula vilivyopondwa hadi vikawa laini kama uji. Malenge na karoti zilizomenywa na kuchemshwa hufaa kuanzia.

Wiki ya 5 na 6: Vyakula laini. Mumunye na biringanya humenywa maganda. Mchicha huchambuliwa, mashina yakatupwa, majani yakakatwa madogo na kupikwa hadi yalainike kabisa. Nyanya huondolewa ganda na mbegu.

Kuanzia wiki ya 8: Sukuma wiki isiyo na mashina, kabichi iliyoiva sana, na kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Tui la nazi liwe jepesi, kwa maana mafuta mengi huleta kichefuchefu na kuharisha.

Baada ya miezi 2 au 3: Mboga mbichi, kama kachumbari, daktari akiruhusu. Mahindi ya kuchoma na embe mbichi la pilipili ni vya mwisho kabisa.

Mboga mpya hujaribiwa moja kwa wakati, vijiko viwili tu, kisha mgonjwa akangoja siku mbili kabla ya kujaribu nyingine. Hivyo, tumbo likisumbuka, atajua ni ipi iliyomsumbua. Mboga hiyo huwekwa kando kwa wiki mbili, halafu ikajaribiwa tena. Iliyokataliwa leo huenda ikakubalika mwezi ujao.

Samaki kwanza, mboga baadaye

Tumbo dogo hujaa upesi. Akianza na mboga, mgonjwa hukosa nafasi ya chakula cha kujenga mwili, naye huhitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku. Yai moja lina takriban gramu 6, na gramu 100 za samaki zina takriban 20. Kwa hiyo huanza na samaki, yai au maharagwe yaliyopondwa, kisha mboga, na wanga mwisho. Hutafuna kila tonge mara 20 hadi 30, na hanywi maji pamoja na chakula; hungoja nusu saa baada ya kula.

Mboga hazichukui nafasi ya vidonge vya vitamini, ambavyo humezwa maisha yote. Vitamini B12, kwa mfano, haipatikani katika mchicha wala sukuma wiki. Vidonge vya madini ya chuma havimezwi na chai, na huachana na vile vya kalsiamu kwa muda wa saa mbili.

Wajibu wa nyumbani

Mara nyingi kinachomponza mgonjwa ni upendo. Jamaa humwona amekonda wakamwongezea chakula, au wageni wakaona vibaya akikataa sahani. Mpishi wa nyumba anapojua hatua hizi, humtengea mgonjwa kibakuli chake kabla ya kutia nazi na pilipili, na wote wakala pamoja. Anayetaka kufunga Ramadhani amuulize daktari wake mapema.

Dalili za hatari

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja akiwa na homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio, choo cheusi, au akishindwa kuweka hata maji tumboni. Anayetapika kwa siku kadhaa kisha akaanza kufa ganzi miguu au kuchanganyikiwa huenda amepungukiwa na vitamini B1, na kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu. Kwa wakazi wa Kipevu, hospitali ya umma iliyo karibu ni ya Port Reitz. Mhudumu wa kwanza aelezwe mara moja kwamba mgonjwa alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na lini.