Transfa Ikilia, Ifunguliwe Kwanza



Wengi wenu mkija Nairobi kutengeneza gari la kikundi mnapitia hapa kwetu Pumwani. Kutoka stendi ya Country Bus ni mwendo wa miguu, na kutoka hapa hadi maduka ya spea ya Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, si mbali. Ndiyo maana leo somo letu ni la chuma. Mimi si makanika, lakini nimekaa na vikundi vya kutosha kwenye benchi la gereji nikijua pesa zinapotelea wapi.

Kikundi kimoja cha maji kutoka upande wa Kitui kilifika na Land Rover One Ten ya zamani. Gari hilo ndilo hupeleka mama wajawazito hospitali, na siku ya soko hubeba mahindi. Lilikuwa linalia kama kinu cha posho, na kila likiondoka linapiga “ko!” chini ya sakafu. Fundi wa kwanza hakulala chini ya gari hata dakika moja. “Hii transfa imekufa, mama. Tafuteni ingine.” Pesa zilikuwepo, zile za mbuzi waliouzwa, na katibu alikuwa ameshaanza kuzihesabu. Ndipo mzee mweka hazina akasema polepole, “Lakini hii tulinunua hapa hapa miaka miwili iliyopita.”

Basi tukaomba gari lisiguswe mpaka sababu ijulikane.

Transfa ni sanduku la gia lililo nyuma ya giaboksi. Linapokea nguvu kutoka giaboksi na kuigawa, nyingine kwa propela ya mbele na nyingine kwa propela ya nyuma. Pia ndilo linalotoa ile gia nzito ya kupandia mlima na kutokea matopeni. Ndani yake mna gia, shafti, beringi na mafuta. Katika magari mengine, kama Pajero za miaka ya 1990, mna cheni ambayo huchoka na kulegea.

Fundi wa pili aliweka karai chini, akafungua nati ya kumwagia mafuta. Transfa ya gari lile, iitwayo LT230, hubeba kama lita 2 na robo. Yaliyotoka hayakujaza kikombe cha chai. Yalikuwa meusi, yana harufu ya kuungua na vumbi la chuma linalometameta. Uji mwembamba wa kijivu kwenye nati si ajabu, lakini vipande unavyoweza kuviokota kwa kidole ni habari mbaya. Sili ya nyuma ilikuwa imekatika zamani, labda kabla ya ile transfa ya kwanza kutolewa. Walibadilisha sanduku, mafuta yakaendelea kuvuja, na hakuna aliyefungua nati ya kupimia. Dereva alisema alikuwa akipima oili ya injini kila asubuhi. Ni kweli, alikuwa akipima, lakini transfa ina mafuta yake.

Dalili nyingine ilikuwepo wazi. Kwenye Land Rover hizi, breki ya mkono iko nyuma ya transfa, haiko kwenye magurudumu. Sili ikivuja, mafuta yanalowesha breki na gari halishiki tena mlimani. Kikundi kilikuwa kimekaza waya wa breki mara tatu, bila kuuliza kwa nini. Na hapa niseme jambo la uhai: ukiinua gurudumu moja la nyuma, au ukifungua propela ya nyuma, breki hiyo haiwezi tena kuzuia gari. Wekeni mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu kabla mtu hajaingia chini.

Kabla ya kulaumu transfa, shikeni propela kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, muizungushe huku na huku. Viungo vya propela vikiwa vinacheza, navyo hupiga “ko!”, na ni rahisi kuvibadilisha. Kisha gari likitembea kwenye barabara tambarare, dereva akanyage klachi. Mlio ukiendelea kufuata mwendo wa magurudumu, mara nyingi tatizo liko nyuma ya giaboksi: transfa, propela au difu.

Sasa, kutengeneza au kununua? Ikiwa gia bado zina meno mazima, beringi mpya, sili na gasketi zinatosha, na hiyo ndiyo kazi ninayoipenda, kwa sababu mnajua kilichomo ndani. Tundu linaloshika shafti ya kati likiwa limepanuka, fundi wa kukereza chuma anaweza kulivalisha pete. Lakini meno yakiwa yamevunjika, au ganda limepasuka, tafuteni transfa nyingine. Mkinunua mtumba, angalieni namba. Transfa ya Discovery hufanana sana na ya Defender, ila gia yake ya kawaida ni 1.222 na ya Defender ni 1.410. Mkiifunga kwenye gari la mizigo, gari litakuwa zito mlimani.

Kikundi chetu kilitengeneza ya kwao. Natamani niseme yaliishia hapo. Transfa iliposhushwa, meno ya shafti inayotoka giaboksi kuingia transfa yalikuwa yamelika kama jino la mzee, na shafti hiyo haitoki bila kufungua giaboksi yote. Pesa hazikutosha. Walirudi nyumbani kwa basi, gari likabaki gereji majuma matatu. Huenda bado walitumia chini ya ile ya kununua tena na kuharibu tena, lakini kwenye mkutano maelezo yalikuwa magumu.

Neno moja kwa madereva. Gari likipinda kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kama ng’ombe wa nje wa jembe anavyotembea zaidi kuliko wa ndani. Kwenye matope gurudumu huteleza kidogo, na hakuna shida. Kwenye lami haliwezi kuteleza, kwa hiyo ukiwa umefunga difu ya katikati, au Land Cruiser yenye H4 imeachwa hapo, transfa inakamuliwa kama nguo. Ikifika lami, fungua. Na tairi kubwa mbele na ndogo nyuma pia hudhuru transfa.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Nani kati yenu amewahi kuona nati ya kupimia mafuta ya transfa ikifunguliwa, na ilikuwa lini? Katika daftari la gari, mnaandika petroli tu au pia mafuta ya gia? Na ile spea ya zamani iliyotolewa mara ya mwisho, iko wapi sasa, na ni nani aliyeiuza?