SOMO LA VIKUNDI: Pale Barabara Kubwa Inapokutana na Soko Letu

Somo la leo linahitaji kalamu, kamba ndefu, na saa au simu yenye kuhesabu sekunde. Mwenyekiti wa kikundi alisome kwa sauti, kisha wote mtoke nje mkafanye mazoezi.

1. SHIDA YENYEWE

Simama siku ya soko pale Rongo, ambapo barabara ya Homa Bay inaungana na ile kubwa ya A1 inayotoka Isebania, kupitia Migori na Awendo, kwenda Kisii. Au simama Oyugis, pale njia ya Kendu Bay inapoingia kwenye hiyo hiyo A1. Au nenda Rodi Kopany, barabara ya Homa Bay na Rongo inapokutana na ya Ndhiwa. Utaona nini? Matatu zinashusha abiria. Bodaboda wamejipanga kwenye kona kabisa. Mama wa omena ametandika gunia hatua mbili tu kutoka kwenye lami. Watoto wa shule wanavuka. Na katikati ya hayo yote lori la masafa linapita, dereva wake akitoka mbali, na mguu wake bado haujajua kwamba ameingia sokoni.

Hapo ndipo penye hatari. Njia panda ni mahali ambapo mwendo wa namna mbili unakutana: mwendo wa safari ndefu na mwendo wa mguu. Barabara ya A1 imetengenezwa upya miaka hii, lami ni laini na pana. Tulifurahi, na ni haki yetu kufurahi. Lakini lami nzuri inaongeza mwendo, na soko halikuhama.

Hii si shida yetu peke yetu. Barabara pana ya Nairobi kwenda Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, wenye magari walishukuru, lakini watu wa miguu waliendelea kugongwa wakivuka, kwa sababu maisha yao yalikuwa pande zote mbili za barabara na madaraja ya kuvukia yalikuwa machache.

Tusisahau pia Ijumaa jioni ya tarehe 30 Juni 2023, kule Londiani, Kaunti ya Kericho. Lori liliacha njia pale njia panda likavamia matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi wao hawakuwa safarini. Walikuwa kazini, wakiuza.

2. KWA NINI DEREVA HASIMAMI?

Watu husema, "Huyo dereva aliniona, mbona hakusimama?" Hebu tufanye hesabu.

Dereva akiona mtu, akili yake inachukua kama sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Ndani ya hiyo sekunde gari linaendelea kwenda. Kisha breki nazo zinahitaji nafasi. Kwa gari dogo lenye breki nzuri, kwenye lami kavu, ni hivi:

- Mwendo wa kilomita 50 kwa saa: linasimama baada ya mita 28 hivi.
- Mwendo wa kilomita 80: mita 57 hivi.
- Mwendo wa kilomita 100: mita 83 hivi.

Angalieni vizuri. Kutoka 50 hadi 100 mwendo umeongezeka mara mbili, lakini nafasi ya kusimama imeongezeka karibu mara tatu. Na hiyo ni gari dogo. Lori lenye mzigo, au trela ya miwa, au barabara yenye mvua, inahitaji zaidi. Kwa hiyo dereva anaweza kukuona, akataka kusimama kwa moyo wake wote, na bado akakugonga.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kifo huongezeka kwa karibu asilimia 4. Ndiyo maana sheria ya Kenya inaweka mwisho wa kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara.

3. KONA PANA NI MTEGO

Jambo hili wengi hatulijui. Tazameni mdomo wa njia panda, pale barabara ndogo inapoingia kwenye kubwa. Kama kona ni pana na ya kuzunguka polepole, dereva anaikata bila kupunguza mwendo. Kama kona ni nyembamba, ni lazima apunguze, atake asitake. Basi umbo la kona ni kama polisi asiyelala.

Tena mdomo mpana unamweka mtembeaji kwenye lami muda mrefu. Mzee, au mama mwenye ndoo kichwani, anatembea kama mita moja kwa sekunde. Lami ya mita 7 ataivuka kwa sekunde 7. Lakini mdomo wa njia panda ukiwa mita 20, anahitaji sekunde 20. Katika sekunde hizo 20, gari linalokata kona kwa mwendo wa 40 limesafiri zaidi ya mita 220. Yaani mama alipoanza kuvuka, gari hilo halikuwa hata likionekana!

Kwa hiyo kivuko kisiwe pale mdomo ulipo mpana. Kirudishwe nyuma kidogo kwenye barabara ndogo, pale lami ni nyembamba na magari yamekwisha punguza mwendo. Na kama hakuna budi kuvuka pale pana, pawe na kisiwa cha simiti katikati, mtu avuke nusu, apumzike, avuke nusu nyingine.

4. MAZUNGUMZO YA KIKUNDI

Tuchukue mfano wa kikundi kimoja cha akina mama na vijana kinachokutana chini ya mti.

Kijana wa boda: Mama, si uhamishe hiyo meza yako nyuma? Pale ulipo lori likiteleza, umekwisha.

Mama wa samaki: Wewe mwanangu unanionea huruma, lakini nikirudi nyuma nani ataniona? Mteja wangu yuko kwenye matatu. Nikiwa mbali, ananunua kwa mwenzangu. Na ada ya watoto nitalipa na nini?

Kijana: Hata mimi. Nikitoka kwenye kona, mwingine anachukua abiria.

Mzee: Basi mnaona? Akihama mmoja, anapoteza. Tukihama wote siku moja, na matatu nazo zihame, hakuna anayepoteza. Mteja atatufuata.

Huyo mzee amesema neno. Mama yule si mjinga, na wala hakosi woga. Anafanya hesabu ya ugali wa leo. Kumwambia tu "ondoka" si msaada. Baada ya ajali ya Londiani, serikali ilitoa amri kwamba wachuuzi waondolewe kando ya barabara kuu. Kikundi kisichokuwa na mpango wake, kikifukuzwa kitatawanyika, na baada ya wiki tatu watu watarudi kwenye lami pale pale. Kikundi chenye mpango kina neno la kusema mbele ya wakubwa.

5. MAZOEZI MATATU

Zoezi la kwanza: Kupima mwendo. Pimeni mita 100 kando ya barabara, mbali na lami. Mtu mmoja asimame mwanzo, mwingine mwisho na saa. Wa kwanza ainue mkono gari likimpita, wa pili ahesabu. Gari la mwendo wa 50 linapita mita 100 kwa sekunde 7 na kidogo. Likipita kwa sekunde 4 na nusu, lina mwendo wa 80. Andikeni magari 50: mangapi yamepita chini ya sekunde 7?

Zoezi la pili: Kuhesabu wavukaji. Siku ya soko, na siku ya shule asubuhi, andikeni kwa muda wa saa moja: watu wazima wangapi wamevuka, watoto wangapi, na wamevukia wapi. Mara nyingi mtaona watu hawavukii kwenye zebra, wanavukia pale njia yao ya miguu inapotokea. Kivuko kinatakiwa kifuate miguu ya watu.

Zoezi la tatu: Ramani ya mchanga. Choreni njia panda chini kwa kijiti. Wekeni mawe mahali pa matatu, mbegu mahali pa wachuuzi, majani mahali pa boda. Kila mmoja aonyeshe alipoona ajali au alipoponea chupuchupu. Pale mnapogombania sana, hapo ndipo pa kuanzia.

6. TUFANYE NINI?

(a) Bila pesa. Kona iwe wazi: ondoeni meza, mabango na pikipiki kwenye mdomo wa njia panda, ili dereva na mtembeaji waonane. Steji ya boda irudi nyuma. Watoto wavushwe na mtu mzima mwenye nguo ya kuonekana. Boda avae kofia ngumu na koti la kung'aa, na abebe abiria mmoja tu kama sheria inavyosema. Wenye trela za miwa waweke vya kumulika nyuma.

(b) Kwa kaunti. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti kazi ya masoko na barabara za kaunti. Kwa hiyo nafasi ya soko, taa za soko na choo, mwombeni Mwakilishi wa Wadi na ofisi ya kaunti. Nendeni wakati wa kukusanya maoni ya bajeti. Msingoje pesa zigawanywe ndipo mlie.

(c) Kwa wenye barabara kuu. A1 iko chini ya Halmashauri ya Barabara Kuu, yaani KeNHA. Kivuko, matuta, kisiwa, alama na nafasi ya matatu kusimama ni kazi yao. Barabara nyingine za chini zina KeRRA au kaunti, basi ulizeni kwanza. Kupeleka barua mahali pasipo pake ni kupoteza mwaka.

ONYO: Msijenge matuta yenu wenyewe kwa udongo na mawe usiku. Sheria hairuhusu, na tuta lisilo na alama linaua mwenye pikipiki gizani. Tuta la kweli lina kipimo, rangi na kibao cha kuonya mapema.

7. BARUA FUPI INATOSHA

Andikeni ukurasa mmoja: jina la njia panda, idadi ya watu waliovuka kwa saa, magari mangapi kati ya 50 yalizidi mwendo, ajali mnazozijua na miezi yake, mambo mawili, si kumi, mnayoomba, na jambo ambalo kikundi kimekwisha fanya. Wekeni sahihi, chifu naye atie mhuri. Bakini na nakala. Baada ya mwezi, watu wawili wafuatilie. Ofisa akiona hesabu iliyopimwa, hawezi kuijibu kama anavyojibu malalamiko.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika njia panda yetu, ni nani anavuka kwa shida zaidi? Je, yumo katika kikundi hiki?
2. Tukirudisha meza zetu nyuma, nani atapoteza mauzo wiki ya kwanza? Mfuko wa kikundi unaweza kumshika mkono?
3. Matatu zikisimama mahali papya, nani atazungumza na wenye matatu?
4. Ni jambo gani moja tutalifanya kabla ya siku ya soko ijayo?

Mkimaliza, katibu aandike jibu la swali la nne na jina la atakayesimamia. Mkikutana tena, hilo liwe neno la kwanza kuulizwa.